Mlipeni Anayebisha Hodi

Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 25 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Utafiti wa mwaka 2022 ukakuta 24. Miaka yote hiyo, vituo vyote vile vya afya vilivyozinduliwa, bajeti zote zile zilizosomwa bungeni, na kichanga tumempunguzia kifo kimoja katika elfu.

Wengine wamepata nafuu. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 katika kipindi hicho hicho. Vifo vya kina mama vitokanavyo na uzazi, kwa hesabu za tafiti hizo mbili, vilishuka kutoka 556 hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000, na Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akapokea tuzo ya Goalkeepers ya Gates Foundation kwa ajili hiyo. Ni kazi kubwa na sitaki kuipunguza hata kidogo. Ndiyo maana nauliza kwa sauti ya juu: ikiwa tunajua kumwokoa mama, na tunajua kumwokoa mtoto wa miaka miwili, huyu wa siku mbili kosa lake nini? Zaidi ya nusu ya watoto wote wanaokufa nchini kabla ya kufikisha miaka mitano sasa wanafia ndani ya mwezi wa kwanza.

Sehemu ya jibu iko wodini. Njiti wasio na joto, watoto waliozaliwa wamechoka, nesi mmoja anayehangaika na vitanda sita: hilo ni deni la hospitali na lidaiwe hospitalini. Sehemu nyingine iko nyumbani, na hiyo haina anayeidai, kwa sababu hakuna aliyeajiriwa kuishughulikia.

Tazama safari ilivyo. Mama kajifungua salama, kesho yake anaruhusiwa. Anapanda bodaboda na kichanga kifuani, anafika kwenye nyumba ambayo kila mtu ana ushauri. Kitovu kinapakwa samli, kwingine majivu. Mtoto anaogeshwa alfajiri na kuachwa wazi wageni wamwone. Akilia usiku anapewa maji ya sukari, eti maziwa hayajashuka. Siku ya nne anagoma kunyonya. Wanasema kashiba, kalala, ni mpole kama babu yake. Kumbe uambukizo umeshaingia kwenye damu, na kwa mtoto wa umri huo kati ya kugoma titi na kukata roho zinaweza kupita saa chache tu. Hakuna zahanati inayoweza kunyanyuka hapo ilipo ikamfuate mtoto huyo. Anayeweza ni mtu mwenye miguu, anayeijua njia ya kwenda kwenye nyumba hiyo, anayepiga hodi siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, akamfunua mtoto, akahesabu pumzi zake, akamtazama akinyonya, akamwambia bibi kwa heshima na bila kuyumba: mama, hiki kitovu hakipakwi kitu, na huyu mjukuu wako anaondoka sasa hivi kwenda hospitali.

Hilo limepimwa na kuthibitishwa. Katika wilaya ya Gadchiroli, jimbo la Maharashtra nchini India, madaktari wawili, Abhay Bang na mkewe Rani Bang, waliwafundisha wanawake wa vijijini kupima uzito wa vichanga, kutambua uambukizo na kuwachoma sindano ya antibiotiki nyumbani kwao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 katika jarida la The Lancet: vifo vya vichanga vilipungua kwa asilimia 62. Miaka kumi baadaye Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakazitaka nchi zote ziweke utaratibu wa kumtembelea mtoto nyumbani katika wiki ya kwanza.

Kwetu mtu huyo yupo. Anaitwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Amechaguliwa kwenye mkutano wa kijiji kwa kunyoosha mikono, amepewa daftari, pengine na fulana, na akaambiwa ajitolee. Mara nyingi ni mwanamke, ana watoto wake, ana shamba lake, na ni yeye anayejua nyumba gani ina mimba ya miezi mitatu inayofichwa, nani kaacha vidonge vyake vya kuongeza damu, FEFO, chini ya godoro, mtoto wa nani hajamaliza chanjo. Akiona mama mjamzito amevimba uso na analalamika kichwa kinapasuka, anajua hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja na si uchovu wa palizi. Anajua namba 115 ya m-mama ya kuitia usafiri wa dharura. Anafanya hayo mwaka mzima, jua na mvua, na mwisho wa mwezi anapata shukrani. Mradi ukija, anapata posho. Mradi ukiondoka, posho inaondoka nao, lakini wagonjwa wanabaki kumwamsha usiku.

Mwalimu anayefundisha silabi darasa la kwanza tunamlipa, na ni haki yake. Bwana shamba tunamlipa. Mtendaji anayegonga mhuri tunamlipa. Anayesimama kati ya kichanga na kaburi tunamwambia Mungu atamlipa. Huu ni unyonyaji wa wanawake maskini, tena unafanywa na ofisi zile zile zinazoandaa Siku ya Wanawake kila Machi 8.

Msiniambie kwamba elimu ya afya vijijini ni jambo geni, bado tunajifunza namna ya kuifanya. Nchi hii iliwahi kuifundisha dunia.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Waliketi chini ya mti na mwezeshaji wao, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana kuhusu malaria, kuhara, minyoo, kichocho na kifua kikuu, na kila kikao kikaishia kwenye uamuzi wa kufanya jambo: tuchimbe vyoo, tufyeke, tufukie madimbwi. Halafu wakachimba. Hapakuwa na simu wala projekta. Palikuwa na imani kwamba mkulima akielezwa sababu ana akili ya kutosha kuamua mwenyewe.

Kisha ikaja Iringa, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Kuanzia mwaka 1984, katika vijiji 168 vya mkoa huo, serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, waliendesha mpango wa lishe ambao hadi leo unafundishwa vyuoni ng'ambo. Kila miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku yake ya afya. Watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito hadharani, na matokeo hayakupelekwa kwanza Dar es Salaam kwa wataalamu. Yaliwekwa mezani mbele ya kamati ya kijiji siku hiyo hiyo. Maswali yalikuwa matatu: mtoto gani hajaongezeka, kwa nini, na tufanye nini kwa hiki tulicho nacho? Wakigundua mtoto anakonda kwa sababu mama yuko shambani tangu alfajiri mpaka jioni, walianzisha mahali pa kulelea watoto msimu wa kilimo. Wakiona uji ni mzito na tumbo la mtoto ni dogo, walifundishana kutia unga wa kimea ili uji ulainike bila kuongezwa maji, mtoto apate nguvu zaidi kwa vijiko vile vile. Kufikia mwaka 1988 utapiamlo mkali ulikuwa umeshuka kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Mchoro maarufu wa UNICEF wa mwaka 1990 unaoeleza vyanzo vya utapiamlo, ule unaoning'inia kwenye ofisi za lishe duniani kote, umetokana na kazi ya wanakijiji wale wa Nyanda za Juu Kusini.

Sasa twende mwaka 2022. Mkoa unaoongoza kwa udumavu Tanzania ni Iringa: asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao. Njombe, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Iringa hiyo hiyo, ni asilimia 50. Wastani wa nchi ni 30. Ni kweli kwamba miaka ile walipima uzito na leo tunazungumzia kimo, kwa hiyo tarakimu hizi haziwezi kutolewa moja kwa nyingine. Lakini nani anaweza kuzisoma na akatulia? Mkoa wa mahindi, viazi, maharage, maziwa na parachichi, mkoa uliomfundisha kila mtu namna ya kumlisha mtoto, zaidi ya nusu ya watoto wake wamedumaa.

Nina maelezo yangu na nayasimamia. Tatizo la Iringa si njaa. Fedha za wafadhili zilikwisha, na vikao vile vya kijiji vikafa kwa sababu hakuna aliyevigeuza kuwa kazi ya kudumu ya mtu anayelipwa. Mizani ikabaki zahanati, ambako mtoto anapimwa, nesi anaweka nukta kwenye kadi ya kliniki, mama anaambiwa "mpe mlo kamili", foleni inasonga. Hakuna anayemuuliza huo mlo kamili anaupika saa ngapi wakati anatoka shambani giza limeingia na kuni bado. Hakuna anayemwita baba yake mtoto kumuuliza gunia la maharage limeuzwa lote kwa idhini ya nani.

Badala ya vikao tumepata kitu kinachoitwa uhamasishaji. Gari lenye spika linapita saa nne asubuhi, watu wako mashambani. Ngonjera inasomwa mbele ya mgeni rasmi. Fulana zinagawiwa, soda zinanywewa, picha zinapigwa, ripoti inasema wananchi 3,000 wamefikiwa. Wamefikiwa na vumbi. Elimu ni pale mama anapopata nafasi ya kubisha, kuuliza swali la aibu, kusema "nilijaribu, mtoto akatapika", na akajibiwa na mtu atakayerudi wiki ijayo. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana ilianza kutolewa nchini mwaka 2018, na tangu hapo uvumi kwamba inafunga uzazi umekuwa ukizunguka vijiweni. Bango halijawahi kuushinda uvumi. Unashindwa sebuleni, na jirani ambaye binti yake mwenyewe amechanjwa.

Na pale uhamasishaji unaposhindwa, tunahamia kwenye adhabu. Kuna vijiji vimetunga sheria ndogo za kumtoza faini mwanamke aliyejifungulia nyumbani. Fikiria mwanamke wa kitongoji cha mbali, uchungu umemshika usiku wa masika, mto umefurika, anajifungua kwa msaada wa shangazi, anapona. Kesho anatakiwa alipe. Matokeo yake si kwamba mimba ijayo atapata mabawa. Matokeo ni kwamba anamficha mtoto, anakwepa kliniki, na chanjo zinampita. Kwingine mjamzito anayekuja kliniki kwa mara ya kwanza bila mume anarudishwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nia ilikuwa wenza wapime VVU pamoja, nia njema kabisa. Lakini aliyetelekezwa, mjane, binti wa miaka kumi na sita aliyepewa mimba na mtu asiyeweza kutajwa, huyo anasimama mbele ya mwenyekiti kuandikiwa barua ya kuthibitisha upweke wake, au anaamua kukaa nyumbani hadi mimba ifike mwezi wa saba. Kisha tunashangaa kwa nini wanawake wanachelewa kuanza kliniki! Yule ambaye angepaswa kuitwa kwa barua, yaani mwanamume, yuko zake.

Nasema wazi: tumezoea mno kumfundisha mwanamke mambo ambayo hana mamlaka nayo. Anaijua dalili ya hatari, lakini simu ni ya mume, nauli ni ya mume, ruhusa ni ya mamkwe. Mhudumu mzuri wa kijiji hilo analijua kuliko mtaalamu yeyote wa warsha, ndiyo maana anaanza kwa bibi, anakaa naye jamvini, anamsifu kwa aliowalea, ndipo anamwomba awe mlinzi wa mkwewe. Anamsubiri mume jioni akirudi. Kazi hiyo haifanywi na mtu anayepita. Inahitaji miaka, na miaka ya mtu ina bei.

Tuongee bei basi. Januari 31, 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, alizindua mpango wa kuwapata na kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, kwa gharama ya takriban Sh899 bilioni. Niliufurahia uzinduzi ule. Halafu nikagawanya. Ni kama Sh6.5 milioni kwa kila mhudumu kwa miaka yote mitano. Hata wangeanza kazi wote siku moja, hiyo ni karibu Sh109,000 kwa mwezi, na humo humo mna mafunzo, vifaa na usimamizi. Kinachobaki mkononi mwake ni nini? Tusijidanganye kwamba huo ni mshahara. Na tusisahau kwamba kabla ya mpango huo tulishawapeleka vijana vyuoni kusomea kazi hii mwaka mzima, kisha wengi wao hawakuajiriwa.

Wenzetu wamethubutu zaidi. Ethiopia tangu mwaka 2003 iliweka wanawake wawili katika kila kebele, yaani eneo dogo kabisa la utawala huko, ikawafundisha kwa mwaka mmoja, ikawafanya watumishi wa serikali wenye mshahara, wakafika zaidi ya 30,000. Kenya mwaka 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kwa posho ya Sh5,000 za huko kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, na malalamiko ya kucheleweshewa hayajaisha, lakini deni lina mwenyewe, linaweza kudaiwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitoa mwongozo wake: wahudumu hawa walipwe fedha zinazolingana na kazi, saa na mafunzo yao. Nasi tuliahidi, katika Azimio la Abuja la mwaka 2001, kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda kwenye afya. Hatujafika.

Tumekuwa tukimtegemea mgeni, na mgeni kaondoka. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku tisini, na kabla hata siku hizo hazijaisha wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi yake, wakiwamo wanaowafuatilia kina mama wenye VVU na watoto wao, waliambiwa wasimame. Saini moja ng'ambo ya bahari imezima hodi zetu vijijini. Kama hiyo si aibu ya taifa huru, sijui aibu ni nini.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, nayo ni nzito, kwa hiyo niitaje. Taasisi ya Afya Ifakara ilishawahi kuwalipa wahudumu katika vijiji vya Rufiji, Kilombero na Ulanga chini ya mradi wa Connect, ikalinganisha na vijiji visivyokuwa nao, na vifo vya watoto havikupungua kama ilivyotarajiwa. Wanaopenda kubana fedha watasema: mnaona, hata mkilipa haisaidii. Wasome hadi mwisho. Dawa zilikatika. Mhudumu aliyefundishwa kutibu malaria, nimonia na kuhara alibaki mikono mitupu, na mzazi aliyemfuata mara mbili akakuta mkoba hauna kitu hakumfuata tena. Elimu bila ORS na zinki, bila vipimo vya malaria, bila amoksisilini ya watoto, ni mahubiri. Sidai mshahara badala ya dawa. Nadai vyote viwili, kwa sababu kimoja bila kingine ni fedha zilizotupwa.

Tena msinipeleke Dodoma kila mara. Halmashauri zetu zina agizo la kutenga Sh1,000 kwa mwaka kwa ajili ya lishe ya kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Sh1,000 kwa mwaka! Ni mayai machache tu. Na hata hiyo, zipo halmashauri ambazo hutenga kwenye makaratasi na kutoa nusu, au kuimaliza kwenye posho za vikao vya kujadili lishe, ambamo waliodumaa hawamo na mama zao hawamo.

Msimu wa bajeti, madiwani watapitisha makabrasha usiku mmoja. Kina mama, kina baba, wazee, jaeni kwenye mkutano wa kijiji kabla ya hapo. Mwambieni diwani afungue kabrasha mbele yenu. Mwulizeni kifungu cha mshahara wa mhudumu wa afya wa kitongoji chenu ni namba ngapi, kina shilingi ngapi kwa mwezi, na mkoba wake utajazwa dawa tarehe gani. Akisema yeye anajitolea, mwulizeni diwani kama naye yuko tayari kufanya kazi yake bila posho hadi mwaka wa fedha uishe. Akiwaonyesha kifungu cha semina, mrudishieni kabrasha lake na msifunge mkutano.